Chanjo hai za kuku: uliza imedhoofishwa vipi kabla ya kuuliza bei

Mama mmoja wa Mtopanga, Mombasa, mfugaji wa kuku wa mayai mia tatu na ushei, alishika kichupa cha chanjo ya taifodi ya kuku mlangoni pa banda lake, akakigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, ukiniambia hii ni hai, si ndiyo maradhi yenyewe yametiwa chupani?"

"Ndiyo, mama, ni maradhi yenyewe. Ila yamevunjwa miguu."

"Na miguu ikiunga?"

Siku hiyo nilitafuta maneno nikayakosa, nikasingizia jua kali. Mimi si daktari wa mifugo kamili, ingawa huku Kisauni na Bamburi wananiita dakta. Nimesomea afya ya wanyama, natembea na sanduku la barafu na sindano, na wateja wangu wengi wana kuku kati ya mia na mia tano. Swali la yule mama ndilo linalofaa kumwongoza mfugaji anapochagua chanjo hai ya bakteria. Wengi huuliza bei, kisha huuliza kama ni ya sindano au ya maji. Wachache huuliza bakteria aliyemo ndani amelemazwa kwa njia gani, na kama kilema hicho kinaweza kupona. Naziweka hapa njia hizo bega kwa bega, halafu nitasema mimi ningechukua ipi na kwa kuku gani.

Kwa nini tujitie kwenye hai kabisa?

Mtu akiwa na hofu atasema, basi nipe iliyouawa. Chanjo iliyouawa ina kazi yake, hasa kwa kuku wazazi, kwa sababu huzalisha kingamwili nyingi kwenye damu na hizo hupita hadi kwenye yai. Lakini Salmonella, jamii ya bakteria wanaoleta taifodi ya kuku, ana tabia mbaya: hujificha ndani ya seli, tena ndani ya zile zile seli za kinga zinazotumwa kumla. Kingamwili zinazoelea kwenye damu hazimfikii humo. Kinachomfikia ni kinga ya seli, na hiyo huamka vizuri zaidi mwili unapopambana na bakteria aliye hai, anayeingia mahali pale pale anapoingia mbaya.

Kuna faida ya pili ambayo chanjo iliyouawa haina kabisa. Kifaranga wa siku moja ana utumbo mtupu kama nyumba mpya. Akipewa mbegu hai ya chanjo, yaani ukoo wa bakteria aliyelemazwa, kwa maji au kwa mnyunyizo, mbegu hiyo hukalia nafasi, na Salmonella wa jamii yake akija baadaye hukuta mlango umefungwa. Hili hutokea ndani ya saa chache, kabla kinga yoyote haijajengeka.

Wa kwanza kulemaza kijidudu maabara kwa makusudi alifanya hivyo kwa ugonjwa wa kuku. Ni Louis Pasteur, mwaka 1879 na 1880, kwa kipindupindu cha kuku. Aliacha bakteria wake wakae muda mrefu hadi wakachakaa. Ndani ya DNA yao kulitokea nini, yeye hakuwa na njia ya kujua. Tofauti yetu na yeye ni kwamba leo tunaweza kusoma pale palipovunjika.

Herufi na fundo

Jambo moja la msingi kwanza, ili tusipotezane. DNA ya Salmonella ina herufi karibu milioni 4.8, zimepangwa kwa mstari unaozunguka kama ushanga. Jeni ni kipande cha mstari huo chenye maagizo ya kutengeneza protini fulani. Ukitaka kumlemaza bakteria una njia mbili kubwa: kubadilisha herufi moja ndani ya jeni, au kuing'oa jeni yenyewe.

Herufi iliyobadilika ni kama fundo kwenye kamba ya tanga. Jahazi haliendi, lakini fundo lililofungwa linaweza kufunguka. Jeni iliyong'olewa ni tanga lililochomwa moto. Baharia hawezi kulifungua lisilokuwepo.

Bakteria wanapogawanyika, herufi moja maalumu hurudi kuwa ilivyokuwa mara chache sana, kwa makadirio ya kawaida mara moja kwa migawanyiko bilioni moja hadi bilioni kumi. Ni kidogo, utasema. Lakini dozi moja ya chanjo hai ya Salmonella huwa na bakteria makumi ya milioni, nyingine milioni mia, na wewe una kuku mia tatu, na kila bakteria huyo atagawanyika tena ndani ya kuku. Zidisha mwenyewe. Ndiyo maana hakuna mtengenezaji makini anayetegemea fundo moja. Yakiwa mafundo mawili yasiyohusiana, nafasi ya yote mawili kufunguka ndani ya bakteria mmoja ni moja kuzidisha nyingine, na hapo namba inakuwa ndogo kiasi cha kulala usingizi.

9R, mkongwe wa sindano

Tuanze na huyu kwa sababu ndiye aliyekuwa mkononi mwa yule mama. 9R ni mbegu ya Salmonella Gallinarum, mleta taifodi ya kuku. Ilipatikana Uingereza miaka ya 1950 kwa kazi ya H. Williams Smith, iliyochapishwa mwaka 1956. Wakati huo hakuna aliyeweza kusoma jeni. Alichokuwa nacho ni sahani za maabara na macho yake: koloni, yaani vichuguu vya bakteria, nyingine zilikuwa laini na zenye kung'aa, nyingine zilikuwa na mparuzo kama ganda la fenesi. Hiyo R ni alama ya mparuzo.

Mparuzo una maana kubwa. Salmonella mzima amevaa koti la minyororo mirefu ya sukari. Koti hilo humkinga na nyongo na protini za damu zinazotoboa bakteria. 9R hana koti kamili. Walipokuja kuisoma DNA yake, miaka zaidi ya hamsini baadaye, walikuta jeni iitwayo rfaJ, inayotoa kimeng'enya cha kuunganisha sukari moja kwenye shina la koti hilo, imebadilika herufi moja tu. Herufi hiyo imegeuza neno la katikati kuwa alama ya kikomo, kama mtu anayesoma barua akakuta nukta pasipostahili na kuacha kusoma. Kimeng'enya hakimaliziki, koti halifumwi. Walikuta pia kasoro ya herufi kwenye aceE, jeni ya mtambo unaopitisha mabaki ya sukari kwenda kwenye tanuri la nishati.

Faida moja inatokana moja kwa moja na kukosa koti. Kipimo cha damu cha kutafuta taifodi na pulorumu (ugonjwa wa karibu unaoua vifaranga) hutafuta kingamwili dhidi ya koti. Kuku aliyechanjwa 9R kwa kawaida hazitengenezi hizo kwa wingi, kwa hiyo chanjo haivurugi sana kipimo.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo kwenye jarida la Vaccine ambayo kila muuza chanjo angepaswa kuyajua. Walichukua Salmonella Gallinarum kutoka kundi la kuku wa mayai lililokuwa likifa, wakasoma DNA yake yote, wakakuta inatofautiana na 9R kwa herufi 9 tu zenye kubadilisha maana. Yaani karibu ni chanjo yenyewe. Walisema mabadiliko kwenye aceE na rfaJ yangeweza kueleza namna ukali ulivyorudi, na wakashauri chanjo za baadaye zijengwe kwa kung'oa jeni zinazojulikana. Miguu iliyounga, kwa maneno ya yule mama.

Je, nitupe 9R baharini? Hapana. Imetumika miongo mingi na imeokoa kuku wengi kuliko inaowadhuru. Inadungwa chini ya ngozi, kwa kawaida wiki ya 6 na kurudia wiki ya 14 hadi 16, kabla hawajaanza kutaga. Haifai kifaranga mchanga, na haifai kuku aliyedhoofika. Hapo kwenye kudhoofika ndipo nilipokosea mimi, si mbegu.

Ilikuwa banda moja nyuma ya Bamburi, mitemba, yaani kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, mia na themanini. Watatu walikuwa wamejikunyata pembeni, mbawa zimelegea. Mwenye banda alisema ni joto, na mimi nilikuwa na banda jingine la kwenda, nikakubali ni joto. Nikadunga wote, kwa sindano ile ile, nikibadilisha baada ya kila kuku hamsini. Baada ya siku tano vifo vikaanza. Tulimpasua mmoja juu ya gunia: ini limevimba limevuka mbavu, rangi yake ya shaba yenye ukijani, bandama kubwa. Taifodi ya mwituni ilikuwa imeshaingia kabla yangu, na sindano yangu iliichukua kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Majirani mpaka leo wanasema chanjo ndiyo iliyoua. Siwalaumu. Sasa nabadilisha sindano kila kuku kumi, na nikiona hata mmoja amejikunyata nafunga sanduku langu narudi nyumbani.

Zilizopunguzwa mwendo

Kundi la pili lilitengenezwa Ujerumani kwa akili ya aina yake. AviPro Salmonella Vac E na Vac T ndizo maarufu, moja ya Salmonella Enteritidis na nyingine ya Typhimurium. Wafugaji wa kuku wa mayai Ulaya wanazijua sana, kwa sababu hao Salmonella wawili ndio wanaofuata yai hadi tumboni mwa mlaji.

Njia yenyewe: weka mabilioni ya bakteria kwenye sahani yenye antibayotiki. Karibu wote watafa. Atakayebaki ni yule ambaye kwa bahati herufi moja imebadilika kwenye mtambo ambao dawa hiyo huushika. Streptomaisini hushika kiwanda cha protini, rifampisini hushika mashine inayonakili jeni, asidi ya nalidiksiki hushika kimeng'enya kinachokunja na kukunjua DNA. Hii ni mitambo ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo, na ikichezewa hata kidogo mara nyingi hufanya kazi polepole. Basi huchaguliwa wale waliookoka lakini wanakua kwa kujikokota. Kisha hurudiwa kwa dawa ya pili. Unapata mbegu yenye mafundo mawili au zaidi, kila moja kwenye mtambo wake, na kizazi chake kinachukua muda mrefu kuliko cha ndugu yake wa mwituni. Kinga ya kuku hupata nafasi ya kumfikia kabla hajajaa.

Hapa huwa naulizwa kwa ukali: mnatupa bakteria sugu kwa dawa? Swali ni la haki. Usugu huu uko ndani ya mitambo yake mwenyewe, haukubebwa kwenye vile viduara vya DNA ambavyo bakteria hupeana kama watoto wanavyopeana pipi. Pia mbegu hizi bado zinasikia ciprofloxacin, dawa ambayo daktari angeitumia iwapo mtu ataugua. Na usugu wenyewe unasaidia maabara kutofautisha mbegu ya chanjo na ya mwituni.

Kuna jamaa wa karibu wa kundi hili, mbegu tegemezi. Chanjo ya Ujerumani ya Salmovac, kwa mfano, ina Enteritidis asiyeweza kujitengenezea adenini wala histidini, malighafi za DNA na protini. Asipokuta vitu hivyo vya kutosha mwilini anadumaa. Ni wazo zuri, ila lina mtego: ukimnyima bakteria adenini kwa ukali mno anakufa mapema sana na kinga haiamki. Mbegu za maabara zilizovunjwa kwenye njia hiyo zimewahi kuwa salama kabisa na zisizofaa kitu. Chanjo hai ni kama pweza wa kupika: wahi kumtoa hatafuniki, mchelewe amekuwa uji.

Zilizong'olewa jeni

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, sifichi.

Mwaka 1981 Susan Hoiseth na Bruce Stocker walichapisha kwenye jarida la Nature kazi kuhusu Salmonella Typhimurium aliyeondolewa jeni ya aroA. Walitumia hila. Kuna vipande vya DNA vinavyoruka kutoka mahali hadi mahali, na kimoja, Tn10, hubeba usugu wa tetrasaiklini. Walimchukua Salmonella ambaye kipande hicho kimetua katikati ya aroA. Kisha wakatafuta wale waliokitoa vibaya, yaani kilipotoka kilivunja na kuondoka na sehemu ya jeni yenyewe. Aliyebaki hana usugu wa tetrasaiklini tena, na hana aroA inayofanya kazi, wala hana cha kurekebisha. Siku hizi maabara hukata kwa usahihi zaidi, zikiacha kingo mbili za jeni zimeunganishwa katikati patupu, bila kuacha kipande chochote cha kigeni.

Kwa nini aroA? Jeni hii, yenye herufi kama 1,280, inatoa kimeng'enya kimoja cha njia ambayo bakteria na mimea wanayo lakini kuku na binadamu hatuna. Ni kimeng'enya kile kile ambacho glifoseti, dawa ya kuua magugu, hukifunga kwenye mmea. Kwenye njia hiyo bakteria hutengeneza asidi amino tatu, na pia malighafi ya foleti na ya chombo chake cha kuokota chuma. Asidi amino ataziokota ndani ya kuku, si shida. Lakini malighafi ya foleti haipo kwenye nyama ya kuku, na Salmonella hawezi kufyonza foleti iliyokwisha kutengenezwa. Bila foleti hanakili DNA. Anaingia mwilini, anavamia seli kama kawaida, anajulikana kwa kinga, anagawanyika mara chache kwa akiba aliyokuja nayo, kisha anakwama. Ni mgeni aliyefika karamuni akakuta kila kitu isipokuwa kile kimoja anachoweza kula.

Angalia tofauti na 9R. Yule amevuliwa koti, kwa hiyo kinga ya kuku hailioni koti. Huyu wa aroA ana koti lake lote, sura yake ni ya adui kamili, ila hana pumzi. Kwa kufundisha kinga, mimi naona hilo ni bora.

Chanjo ya Poulvac E. coli imejengwa hivi hivi, kwa E. coli, bakteria wa utumboni, wa aina ya O78 aliyeng'olewa aroA, na hunyunyiziwa vifaranga au hutiwa majini. Kwa mabroila wa Mombasa hii inagusa penyewe. Mabanda yetu yana unyevu na harufu ya mkojo inayochoma macho, njia ya hewa ya kuku huchubuka, na E. coli hupita hapo. Utamkuta kuku wa wiki ya nne moyo wake umevikwa utando mweupe kama tui lililoganda. Ila usidanganyike: E. coli wana aina nyingi, na kinga ya O78 haiwafikii wote sawasawa. Usipofungua madirisha ya banda, chanjo itafanya kazi nusu.

Mwamerika Roy Curtiss alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1987, pamoja na Sandra Kelly, alichapisha Salmonella Typhimurium aliyeng'olewa jeni mbili, cya na crp. Moja hutengeneza ujumbe wa kemikali ndani ya seli, nyingine huupokea, na pamoja huwasha na kuzima jeni nyingi sana. Kuziondoa ni kama kumnyang'anya nahodha dira na usukani. Kutokana nazo ilikuja chanjo ya vifaranga iitwayo Megan Vac.

Mbona mbili, ikiwa moja iliyong'olewa hairudi? Kwa sababu hairudi yenyewe, lakini inaweza kuazimwa. Ndani ya utumbo wa kuku yuko pia Salmonella wa mwituni mwenye jeni nzima, na bakteria huweza kupata vipande vya DNA kutoka kwa wenzao. Jeni mbili zilizokaa mbali kwenye ule ushanga haziwezi kuazimwa kwa mkupuo mmoja. Ukikuta kwenye maelezo ya chanjo maneno ya jeni mbili zilizofutwa, ujue hiyo ndiyo sababu.

Wasiopenda joto

Chanjo ya Mycoplasma, bakteria mleta maradhi ya njia ya hewa ya kuku, naipitia upesi, kwa sababu utaona mwenyewe kwa nini haitufai sana. Mbegu ya ts-11 ilitengenezwa Australia kwa kemikali inayotawanya makosa ovyo kwenye DNA, kisha wakachaguliwa wanaokua vizuri kwenye nyuzi 33 na kushindwa kwenye 39.5. Kuku mwilini ana nyuzi kama 41. Puani na kooni ni baridi zaidi, kwa hiyo mbegu huishi hapo, ikafundisha kinga pale pale ugonjwa unapoingilia, ikashindwa kushuka. Hutiwa tone jichoni. Ni akili nzuri sana.

Lakini huhifadhiwa kwa kugandishwa, na kwa muda mrefu inahitaji nyuzi 70 chini ya sifuri. Mimi friji yangu ikikosa stima usiku kucha, asubuhi nakuta barafu imekuwa maji. Pia wafugaji wengi hapa kuku akikoroma tu wanampa tailosini, na tailosini humwua Mycoplasma wa chanjo sawa na wa mwituni. Waachie wenye mabanda makubwa ya wazazi.

Basi, hapa kwetu uchukue ipi?

Maji kwanza. Chanjo za kunywa ni bakteria hai, na klorini haiulizi bakteria mzuri ni yupi. Chumvi kiasi ya kisima cha Kisauni si tatizo kubwa, ila maji ya bauza na ya mfereji mara nyingi yana dawa. Weka gramu 2 hadi 3 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, koroga, subiri robo saa, ndipo utie chanjo. Na ufanye alfajiri. Kumnyima kuku maji saa sita mchana ya Februari ili awe na kiu ya chanjo ni kumwua kwa mkono wako.

Kisha dawa. Hili ndilo linaloharibu chanjo nyingi ninazoziona. Mfugaji anakwambia hajatoa antibayotiki yoyote, ametoa vitamini tu. Igeuze pakiti usome nyuma: nyingine zina oksitetrasaiklini. Umemlipa mtu ang'oe jeni kwa ustadi wa miaka, kisha umemwua bakteria wake kabla hajafika kwenye firigisi. Siku tatu hadi tano kabla na baada, hakuna dawa, na lebo ya chanjo yako ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa mwenye leya mia mbili hadi mia tano, na taifodi imewahi kupita mtaani kwake, mimi bado nasema 9R, kwa mitemba wenye afya, kwa mkono wa mtu anayebadilisha sindano. Najua nimetoka kusifia jeni zilizong'olewa. Lakini adui wa mfukoni mwa mfugaji huyu ni Gallinarum, na 9R ndiyo inayopatikana na kujulikana dhidi yake. Chupa huja na dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo jipangeni majirani watatu siku moja, maana ikishafunguliwa haingoji kesho.

Anayeuzia hoteli mayai, au anayelea vifaranga toka siku ya kwanza, atafute chanjo ya Enteritidis au Typhimurium ya kunywa, na akipata ya kuchagua aishike iliyong'olewa jeni mbele ya iliyobadilishwa herufi. Ya mafundo mawili au matatu nayo si mbaya hata kidogo. Kwa broila wanaokufa kwa E. coli, ya aroA ya mnyunyizo, baada ya kurekebisha hewa ya banda. Yoyote utakayoshika, hakikisha imesajiliwa na VMD, idara ya serikali ya dawa za mifugo. Kichupa kisicho na usajili hakikwambii kilivunjwa wapi.

Halafu mbolea. Mbegu hai za Salmonella hutoka na kinyesi kwa muda baada ya chanjo. Usimpakilie mwenye shamba la mchicha gunia la samadi wiki hiyo, na anayesafisha banda anawe mikono, hasa kama nyumbani kuna mzee au mtoto mchanga.

Nilirudi Mtopanga juma lililofuata, kabla ya jua. Mitemba wote walikuwa wima, wanagombea sufuria. Nilimweleza yule mama habari za koti na tanuri, naye akasikiliza huku akinishikia kuku mmoja mmoja kwa mbawa.

"Kwa hiyo hii miguu mingapi imevunjwa?"

"Miwili, mama. Lakini kila mmoja kwa herufi moja tu."

Akamwachia yule kuku, akachukua kipande cha mkaa, akaandika tarehe na namba ya chupa kwenye ubao wa mlango. "Basi wa kwanza kujikunyata nakupigia simu wewe, si muuza dawa. Lete mwingine."